Hatua ya Pili

Fomu ya zamani ya Umoja wa Kuzikana wa Chapwa ilikuwa na maswali thelathini na moja, yote yamebanana katika ukurasa mmoja wa tovuti, na Nesta hakuipenda hata siku moja. Hakuitengeneza yeye. Ilitengenezwa na fundi mmoja aliyepita Tunduma miaka mitatu nyuma, akaondoka zake, akaacha fomu ambayo mtu mzima mwenye akili timamu na asiye na shida yoyote angeijaza kwa nusu saa. Sasa mpe mtu aliyefiwa saa mbili zilizopita.

Kibaya zaidi ni mtandao. Anayeishi Chapwa, mtaa wa Tunduma ulio karibu na mpaka, anajua kuwa simu yake haina uaminifu: ikisogea kidogo kuelekea mpakani inajiunga na mnara wa Zambia bila kumwuliza mwenyewe, na ukurasa uliokuwa unajazwa unakufa. Majibu yote yanafutika. Unaanza tena na swali la kwanza, jina kamili la marehemu. Nesta alimwona kwa macho yake mama mmoja, kwenye benchi la ofisi ya Umoja, akiandika jina la mumewe mara nne. Ilipofutika mara ya nne aliiweka simu juu ya benchi, akatoka nje, na hakurudi kuichukua mpaka kesho yake.

Kwa hiyo tusije tukasema Nesta alikuwa na moyo mgumu. Kamati ilipomwomba aigawe fomu ile kwa hatua, ili mtu ajibu maswali machache, abonyeze "Endelea", ajibu mengine machache, na kila alichokijibu kibaki salama hata mtandao ukikimbia, alikubali kabla hawajamaliza kusema. Alikuwa fundi wa tovuti mwenye chumba kimoja cha kazi nyuma ya duka la vipuri, laptop moja, na wateja wa kutosha wa nyumba za wageni na mawakala wa forodha. Kazi ya Umoja aliifanya kwa moyo kuliko zote. Yeye mwenyewe alikuwa mwanachama, na kaka yake pia.

Katibu wa Umoja alikuwa Barnaba, mwalimu mstaafu kutoka Mbozi, mtu wa mashamba ya kahawa aliyehamia mjini kufuata watoto. Kila fomu iliyojazwa ilikuwa inaanguka kwake kwanza. Aliisoma, akafungua simu yake, akawaarifu ndugu wa marehemu mmoja mmoja kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani. Wengine aliwaandikia meseji, wengine aliwapigia. Wazazi hakuwaandikia wala hakuwapigia. Alimtafuta jirani yao, au mzee wa kanisa wa huko kwao, akamwambia kwamba mgonjwa amezidiwa na naomba watu wawili waende wakakae na mama yake. Yule wa huko alielewa. Kazi hiyo ilikula nusu siku nzima, na Nesta, aliyeitwa aharakishe mambo, aliiona nusu siku ile kama tobo la kuziba.

Alimchorea hatua sita kwenye karatasi. Ya kwanza marehemu, ya pili ndugu wa kuarifiwa, ya tatu mahali alipofia, ya nne mazishi, ya tano usafiri, ya sita kuhakiki na kupata barua ya Umoja, ile inayoombwa mochwari na mpakani. Akamweleza kuwa hatua ya pili ikishajazwa, pale pale mtu akibonyeza "Endelea", meseji zinaondoka zenyewe kwa ndugu wote. Wa mbali wataanza safari mapema. Wewe, mwalimu, hutakaa tena unahangaika na simu.

"Na wazazi?" Barnaba akauliza.

"Wazazi ndio wa kwanza kujua. Nimewawekea nyota."

Nyota nyekundu maana yake ni kwamba kisanduku hakiachwi wazi. Usipoandika namba ya mzazi aliye hai, hatua ya tatu haifunguki. Barnaba aliitazama ile nyota kwenye kioo, akavua miwani, akaifuta, akasema watoto wa siku hizi mnajua zaidi yetu. Mpaka leo anajilaumu kwa sentensi hiyo. Lakini na Nesta naye angeweza kumwuliza mzee wa watu kwa nini ameuliza, na hakumwuliza.

Maana yeye mwenyewe alikuwa anajua. Baba yao, Nathanaeli, alipofariki, Nesta alikuwa shule Mbeya. Hakuna aliyempigia simu kumwambia baba yako amekufa. Alifuatwa na baba mdogo, akaambiwa baba anaumwa kidogo na anataka kukuona, akanunuliwa soda Mlowo, wakapanda milima ya Ileje wakizungumza habari za mitihani. Aliambiwa akiwa amekaa mkekani, shangazi akiwa amemshika mabega. Kwetu kifo hakisemwi kwa mtu wa damu akiwa amesimama, wala akiwa peke yake. Nesta alilijua hilo kuliko anavyoijua laptop yake, ila mtu akikaa mbele ya kompyuta mara nyingine anayaacha ya kwao nje ya mlango. Kwenye kioo mzazi alikuwa kisanduku kimoja tu, na kisanduku kina namba au hakina.

Fomu mpya ilianza kutumika baada ya Pasaka. Ilisifiwa sana. Mtu alijaza akiwa ndani ya gari, mtandao ukakatika, ukarudi, akakuta majibu yake yapo. Kamati ilimpa Nesta kitenge mbele ya mkutano mkuu, na mwenyekiti akasema Tunduma nzima haina kitu kama hiki. Mpaka mwaka unaisha misiba kumi na tisa ilikuwa imepita katika hatua zile sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Nesta alichukulia kwamba hilo ni jambo jema. Hakujiuliza kama watu waliofiwa huwa wanarudi kulalamikia fomu.

Januari akafa Lusajo.

Lusajo alikuwa kaka yake mkubwa, dereva wa malori ya shaba yatokayo Zambia kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Baba alipoondoka ni yeye aliyeacha shule akapanda gari kama utingo ili Nesta asome, na hakuwahi kulikumbushia hilo hata walipogombana. Siku tatu alikuwa amekwama kwenye foleni Nakonde, upande wa Zambia, kiasi cha kilomita mbili kutoka kwa dada yake, na gari la mtu huliachi kwenye foleni ukaenda kulala kwa ndugu. Jumanne asubuhi foleni ikasogea na gari lake halikusogea. Madereva wa nyuma wakapiga honi. Mmoja akashuka kwa hasira kwenda kugonga mlango, akamkuta amelalia kiti, amekwisha kupoa. Hospitali walisema huenda ni moyo.

Nesta alipigiwa saa moja na nusu. Alivuka mpaka kwa miguu, akamwona, akamgusa mkono, akarudi. Kichwani hakubaki na kitu kingine chochote zaidi ya mama. Mama yao, Enesi, alikuwa Mbebe, kijijini kwao Ileje, peke yake kwenye ile nyumba, na Lusajo alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anakaa na simu mapajani kumngoja apige. Nesta aliwaambia wote waliofika pale chumbani kwake, shangazi, madereva, mwalimu Barnaba, maneno yale yale bila kuchoka: mama asisikie kwa simu. Mtu yeyote asipige Mbebe. Mtu yeyote asiandike kitu mtandaoni. Mama ataambiwa na watu, akiwa amekaa. Kumrudisha kaka yake hakuweza, mwili uko nchi nyingine, jeneza halipo, lakini hili moja lilikuwa mikononi mwake na alilishika kwa nguvu zote.

Barnaba akamshika mikono miwili. "Nenda kwa mama yako, mwanangu. Mambo ya barua niachie mimi."

Waliondoka saa tatu, katika Noah ya kukodi, Nesta na shangazi Restuta na mzee Abrahamu wa kanisani. Restuta alikuwa dada wa marehemu baba yao, mwanamke mzito mwenye mguu unaomsumbua, na ndiye aliyetakiwa kukaa ubavuni kwa wifi yake. Abrahamu ndiye wa kusema. Mpaka Isongole barabara ni lami na hawakuchelewa. Pale Isongole simu ya Nesta ikadaka mnara wa Malawi, ikamkaribisha nchi ya watu, kisha walipoanza kupanda ikapotea kabisa. Alishukuru. Alijisemea kwamba kama yeye hapatikani, basi na habari haiwezi kuwatangulia.

Zaidi ya hapo ni udongo mwekundu, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Mbele yao lori la mbao lilikuwa limelala ubavu katikati ya kilima, na pembeni hakuna pa kupita hata bodaboda. Walitakiwa wafike saa tano. Saa nane bado walikuwa pale wakiangalia watu wakishusha mbao moja moja. Restuta alikaa mlangoni mwa gari amenyoosha mguu. Abrahamu alikuwa akitembea huku na huku akipanga maneno yake kwa sauti ya chini. Ataanza na salamu. Ataulizia mahindi. Kisha atasema kule Tunduma hatujambo kidogo, mtoto wetu ameugua ghafla. Kisha amezidiwa. Asubiri mama aulize, na akiuliza mara ya pili ndipo amwambie. Kila mara Nesta alimkumbusha asitaje jina mapema. Na mzee kila mara alimjibu kwa upole kwamba anajua, amewahi kuyabeba maneno haya mara nyingi.

Walifika Mbebe saa kumi.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka kwenye njia. Viti vyote vya nyumba vilikuwa nje, vimepangwa kandokando ya ukuta, na mbao mbili ndefu zimelazwa juu ya matofali kuongeza mahali pa kukaa. Kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa. Jikoni sufuria kubwa, ile ya sherehe, ilikuwa motoni, maharage yanatokota. Nesta alidhani labda ni zamu ya mama kupokea kikundi cha akina mama wa kanisa, akaumia kwamba watakuwa wamemharibia. Restuta aliviangalia viti, akauangalia mlango wa wifi yake, akashuka garini.

Enesi alitoka amevaa kitenge safi na kilemba kilichofungwa vizuri. Aliwapokea mmoja mmoja kwa mikono miwili. Akasema poleni na barabara, nimesikia kuna lori limeanguka. Akampa shangazi kiti cha chini kinachofaa mguu wake. Kisha, kabla hajaombwa, alitandika mkeka karibu na ukuta, akaketi, akanyoosha miguu, akakunja mikono mapajani. Restuta akashuka kutoka kwenye kile kiti, akakaa mkekani ubavuni kwake.

Abrahamu akasalimia. Akaulizia mahindi, akaambiwa yanaendelea vizuri, funza si wengi mwaka huu. Akasema kule Tunduma hatujambo kidogo, mama. Mtoto wetu ameugua ghafla.

"Ameugua nini?" Enesi akauliza.

Abrahamu akasema ni moyo, tena amezidiwa sana, ndiyo maana tumekuja. Enesi akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anamsikiliza yule mzee kwa makini, macho usoni kwake, kama mwalimu anayemsubiri mtoto amalize kusoma aya.

"Lusajo amezidiwa," akasema.

Jina lilikuwa halijatajwa. Nesta aliona mzee akisita, akadhani mama wa mtu anajua tu, wamama wana kitu chao. Abrahamu akajikaza akasema ndiyo, ni Lusajo, alizidiwa usiku. Enesi akauliza kwa mara ya pili kama alivyotakiwa aulize: na sasa yukoje? Mzee akasema sasa amepumzika, mama. Bwana amemchukua.

Ndipo akalia. Nesta alikuwa amejiandaa kwa kilio cha mtu anayeanza kwa kukataa, anayesema mnanidanganya, anayetaka kusimama akimbie. Hakikuwa hivyo. Kilitoka chote kwa mara moja, kikubwa na cha chini, na hakikuwa na swali lolote ndani yake. Alimwangukia Restuta kifuani, na Restuta alimshika akimwambia lia, wifi, lia sasa, tupo. Majirani walisikia ng'ambo ya bonde. Ndani ya muda mfupi uwanja ulijaa, na kila aliyekuja alikuta mahali pa kukaa.

Marta, jirani wa mpaka mmoja wa shamba, ndiye aliyelisema bila kujua anasema nini. Alikuwa anachochea moto karibu na Nesta. Alisema mama yako leo alinishangaza, nimepita mchana nimemkuta anatoa viti, nikamwuliza una wageni, akaniambia wapo njiani. Nikamwuliza wageni gani hao wa sufuria kubwa, akaniambia utawaona. Sasa nani alimwambia kuwa mnakuja?

Nesta aliondoka jikoni. Alipanda mpaka kwenye kile kichuguu nyuma ya kanisa ambako vijana wenye laini kama yake, isiyoshika nyumbani kama ile ya mama, huenda kutafuta mtandao, akainua simu, akangoja. Zikaingia kwa mpigo simu saba alizokuwa amepigiwa na mwalimu Barnaba, na meseji yake moja, ya saa sita kasoro kumi.

"Nesta mwanangu, ukurasa umekataa kunipeleka hatua ya tatu mpaka niweke namba ya mama. Nimekupigia hupatikani. Mpakani wanataka barua kabla ya saa saba ndipo waruhusu mwili. Nimesubiri mpaka nimeona mtakuwa mmefika na kumaliza. Nimeiweka. Nisamehe kama nimekosea."

Alihesabu. Kuanzia saa sita kasoro mpaka saa kumi. Mama yake alikuwa amekaa na kifo cha mwanawe saa nne nzima, peke yake, akifagia. Nesta alichuchumaa palepale juu ya kichuguu akalia kwa sauti, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu asubuhi. Hakumlilia Lusajo tu.

Jua lilikuwa halijazama alipoingia chumbani. Godoro lilikuwa limeshushwa chini na Enesi amelazwa hapo, akina mama wamemzunguka. Nesta aliwaomba wampishe kidogo na wakampisha. Restuta alipofika mlangoni aligeuka akamwambia taratibu, halafu akaurudishia mlango.

"Mama, ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukutuambia? Kwa nini umemwacha mzee Abrahamu aseme vile vyote?"

Enesi alikaa kwa shida akaegemea ukuta. Alisema alikuwa anachambua maharage wakati simu ilipolia. Alidhani ni meseji za kampuni za simu, zile za kukuambia umeshinda, akaendelea kuchambua. Alipoifungua alisoma mara mbili, kwa miwani. Alisema alijua tu kuwa watu wapo njiani, kwa sababu Lusajo hakuwa mtu wa kutangaziwa na simu. Sasa kama wangemkuta ameshalia peke yake, amemaliza, amekauka, wao wangefanya nini? Wametoka Tunduma na matope yale, na shangazi yako na mguu ule, wamebeba maneno. Mtu aliyekubebea mzigo mpaka mlangoni kwako huwezi kumwambia arudi nao, mwingine umeshafika.

"Nikaona bora nitoe viti," alisema.

 Mama akapapasa chini ya mto akatoa simu yake ndogo. Kulikuwa na jambo linamsumbua, akasema, tangu mchana, na hakutaka kumwuliza mtu mwingine. Akafungua meseji akampa.

UMOJA WA KUZIKANA CHAPWA. Tunasikitika kukutaarifu kifo cha LUSAJO NATHANAELI. Uhusiano wako na marehemu: MZAZI. Taarifa za mazishi zitafuata. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Kila neno lilikuwa la Nesta. Hata lile "tafadhali" aliliongeza yeye mwenyewe siku ya mwisho, akidhani linalainisha.

Chini yake kulikuwa na meseji nyingine tatu, za mama, zimepangana. Zote tatu zilikuwa na alama ya kukataliwa, na zote zilisema kitu kimoja: Nimepokea. Asanteni kwa kunijulisha. Alikuwa na nani?

"Mtu akikuletea habari ya msiba unamjibu," Enesi alisema. "Huwezi kunyamaza tu kama mnyama. Hawa nimewajibu mara tatu, haiendi. Wataniona sina adabu. Wewe unaishi huko, unawafahamu?"

Nesta angeweza kumwambia kwamba hakuna mtu upande wa pili, ni mashine inayotuma. Ingekuwa kweli, na mama angeikubali, na jambo lingeishia hapo.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ile fomu niliitengeneza mimi. Mwalimu Barnaba aliijaza tu. Maneno hayo niliyaandika mimi, na mimi ndiye niliyepanga yakufikie kwanza."

"Wewe?"

"Mimi."

 Nje akina mama walikuwa wameanza wimbo wa maombolezo, wa chini chini, na mmoja alikuwa ametangulia wenzake. Nesta alisubiri apigwe, au atukanwe, au afukuzwe chumbani. Angepokea chochote kati ya hivyo kwa shukrani. Mama alichukua simu mkononi mwake, akaisogeza mbele ya macho, akaweka kidole gumba chini ya maneno yale ya mwisho aliyoandika mara tatu.

"Basi nijibu wewe," akasema. "Alikuwa na nani?"

Asubuhi, garini, Abrahamu alikuwa amewashauri kwamba mama akiuliza wamwambie alikuwa na wenzake madereva, walimshika mpaka mwisho. Restuta alikubali. Nesta pia alikubali.

"Hakuwa na mtu, mama," akasema. "Alikuwa peke yake kwenye gari. Wamemkuta asubuhi."

Enesi akafumba macho. Aliinamisha kichwa mara moja, kwa heshima, vile anavyoinamisha mtu mzima aliyeletewa habari na mjumbe aliyetoka mbali, akaiweka simu chini kwenye sakafu.

"Haya," akasema. "Sasa nimepokea."